Damu ya Nani?

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa vijiji waliokusanyika Arua. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipopotea njia nikazungumzia mpira. Hapo nimekata.

Wazee wangu, akina mama, walimu, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, hamjambo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Niliombwa niseme kwa Kiingereza kisha mtu atafsiri. Nimekataa. Nimezaliwa mji huu, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili nilikipata kambini kabla sijajua kwamba kuna lugha ya darasani. Kampala, ukizungumza Kiswahili ndani ya teksi, watu wa umri fulani, wanaokikumbuka kama lugha ya askari, bado wanakukazia macho kana kwamba umekuja kuwakamata. Hapa Arua ni lugha ya kununulia samaki. Basi na tuzungumze kama watu walio sokoni, na mtu akiona bei haieleweki anyooshe mkono.

Mimi nafanya kazi maabara. Natafuta kwa nini mtoto amechelewa kukaa, kutembea, kusema, au kwa nini ana kifafa kisichosikia dawa. Natafuta sababu iliyo ndani ya seli, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloiona. Lakini wazazi hawaniulizi kuhusu seli. Wananiuliza swali moja, na wanaliuliza kwa sauti ya chini: hii ni damu ya nani? Baba husubiri mama atoke kumbembeleza mtoto ndipo aniulize. Mama huuliza huku anaangalia chini. Mama mkwe haulizi kabisa, yeye jibu analo tangu siku ya harusi.

Leo nataka kulijibu swali hilo, maana nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu yake.

Kabla ya damu, jamani. Si kila mtoto aliyechelewa amechelewa kwa sababu ya jeni, yale maagizo yaliyo ndani ya seli. Nikimwona mtoto kwa mara ya kwanza sigusi sindano. Namuuliza mama: alilia alipozaliwa? Uchungu ulichukua muda gani? Alipata manjano makali wiki ya kwanza? Aliwahi kulazwa kwa malaria ya kichwani, au kwa homa ya uti wa mgongo? Katika nchi yetu sababu hizo ni nyingi, na nyingi zinazuilika. Kule Mbale, kwenye hospitali ya CURE, madaktari wameona kwa miaka mingi kwamba vichwa vingi vya watoto vilivyojaa maji vimetokana na maambukizi waliyoyapata wakiwa wachanga, na mwaka 2020 watafiti walitangaza bakteria wa jamii ya Paenibacillus kuwa mmoja wa wahusika. Na ndugu zetu wa Kitgum na Pader, ambao watoto wao walianza kutikisa vichwa wakashindwa kula: walisemwa kuwa ni ukoo wenye laana. Ushahidi mwingi leo unauhusisha ugonjwa ule na minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, ile ile ya upofu wa mtoni ambayo sisi wa West Nile tunaijua. Hakukuwa na laana wala ukoo.

Kwa hiyo jeni ni baada ya hayo yote. Mtoto alilia vizuri, hakuugua, mama alijifungua salama, na bado mambo hayaendi. Hapo ndipo naomba damu.

Ndani ya kila seli yako kuna maandishi. Herufi zake ni nne tu, lakini urefu wake ni kama herufi bilioni 3 ulizopewa na mama, na bilioni 3 nyingine ulizopewa na baba. Humo kuna jeni kama 20,000 zinazoamuru protini zitengenezwe. Seli husoma herufi hizo tatu tatu, bila kuacha nafasi. Nimetafuta sentensi ya Kiswahili inayosomeka hivyo nikaipata hii: LEO MTU ALA YAI. (Najua, mjini hapa mtu hali yai, anakula rolex, yaani yai lililoviringishwa ndani ya chapati. Nivumilieni.)

Badilisha herufi moja. LEO MTO ALA YAI. Sasa ni mto unaokula yai, maana imeharibika, ingawa sentensi bado inasimama. Sasa rudi mwanzo, ufute ile E ya kwanza peke yake, na usome tatu tatu: LOM TUA LAY AI. Kosa ni moja, lakini kila kilichofuata kimevurugika. Hivyo ndivyo jeni inavyoharibika. Wakati mwingine herufi imegeuka, na huenda isilete shida yoyote. Wakati mwingine imedondoka, na protini yote haipatikani. Na ubongo ndio unaoumia haraka, kwa sababu jeni nyingi sana hufanya kazi katika kuujenga.

Haya, sasa damu ya nani.

Mnaijua sikoseli. Pale ni damu ya wote wawili. Mama ana nakala moja yenye kosa na moja nzima, baba vivyo hivyo, wote ni wazima, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kukutanisha nakala mbili mbovu. Yako magonjwa ya ubongo yanayorithiwa kwa njia hiyo hiyo. Hapo hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole, labda mnyoosheane wote kwa pamoja.

Yako mengine yanayopita kwa mama. Kuna jeni iitwayo FMR1, imo kwenye kromosomu ya X, fungu la maandishi ambalo mwanamke analo mara mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mwanamume mara moja tu, kutoka kwa mama. Ndani yake kuna herufi tatu zinazorudiwarudiwa. Watu wengi wana marudio chini ya 45. Yakipita 200 jeni hujifunga, na mtoto, hasa wa kiume, hupata shida ya akili na mara nyingi tabia za usonji. Marudio huongezeka yanapopita kwa mama kwenda kwa mtoto. Nikifika hapo akina baba huanza kutabasamu. Basi nawauliza: mama huyo X yake aliitoa wapi? Mara nyingine aliipata kwa baba yake, mzee mzima, mwenye akili timamu, mwenye ng'ombe, ambaye ndiye aliyekubali mahari yenu. Tabasamu huondoka.

Lakini kundi ambalo nataka mlishike ni la tatu. Kila mtoto duniani, mzima au mgonjwa, huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo hayamo katika damu ya mama wala ya baba. Mimi ninayo. Askofu anayo. Yalitokea wakati yai au mbegu ilipokuwa ikitengenezwa, kama mwandishi anayenakili kitabu kirefu usiku akasinzia kidogo. Mengi huangukia mahali pasipo na madhara. Moja likiangukia katikati ya jeni ambayo ubongo hauwezi kukaa bila nayo, mtoto anaugua, na ukoo mzima hauna historia ya ugonjwa huo. Huko Uingereza na Ayalandi walichunguza familia zaidi ya 13,000 zenye watoto wenye matatizo makubwa ya ukuaji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa watoto kama 41 kwa kila 100 walipata jibu, na kati ya hao waliopata jibu, karibu robo tatu kosa lao lilikuwa jipya. Halikurithiwa. Hakuna babu aliyelileta.

Na mkitaka kujua makosa mapya huanzia upande gani zaidi, akina mama nisikilizeni. Watafiti wa Aisilandi walihesabu mwaka 2012 wakakuta kwamba mengi hutoka kwa baba, na kwamba kadiri baba anavyozeeka yanaongezeka, kama mawili kwa kila mwaka wa umri wake. Sababu yake ni rahisi. Mayai ya mama yaliumbwa yeye mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yake. Mbegu za baba hunakiliwa upya miaka yote, na anayenakili sana ndiye anayekosea sana. Nimewahi kusema hivi mahali fulani, mama mmoja akapiga kigelegele. Nilimwomba akae, kwa sababu hadithi haiishii hapo.

Mwaka 2024 kulitangazwa jeni ndogo iitwayo RNU4-2. Herufi zake ni 141 tu, na haitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni ya fundi anayeshona gomesi, lile vazi la akina mama: ujumbe wa jeni nyingine ukitoka unakuwa na vipande vya ziada, yeye anashiriki kukata visivyotakiwa na kuunga vinavyotakiwa. Wataalamu waliipita kwa miaka kwa sababu walikuwa wakitazama jeni za protini tu. Kumbe watoto kama 4 katika kila 1,000 wenye matatizo haya, shida yao iko hapo, na wengi wao wameongezewa herufi ile ile moja, mahali pale pale. Na karibu wote, kosa jipya lilikuwa kwenye nakala iliyotoka kwa mama. Kwa hiyo kigelegele kirudishwe. Seli haijui ndoa yenu ina mgogoro gani.

Sasa niende polepole kidogo, kwa sababu jambo linalofuata linawahusu wahudumu wa afya waliokaa upande huu.

Mtoto wa miezi sita. Ana joto. Anashtuka, anakakamaa, upande mmoja unatetemeka nusu saa. Bibi anasema degedege. Anapelekwa kituo cha afya, anapewa dawa ya malaria, joto linashuka. Baada ya mwezi, tena. Anapewa dawa ya malaria tena, hata kipimo kikisema hakuna malaria. Akifika mwaka mmoja na nusu degedege linakuja hata bila joto, na maneno aliyokuwa ameanza kuyasema yanasimama. Wengi wa watoto wenye degedege la homa hupona na kukua vizuri, msiondoke hapa na hofu. Lakini huyu wa nusu saa, wa mara kwa mara, wa upande mmoja leo na upande mwingine kesho, huenda ana kosa kwenye jeni iitwayo SCN1A, iliyounganishwa na ugonjwa huu mwaka 2001. Kwa kawaida ni kosa jipya.

Jeni hiyo hutengeneza mlango mdogo ambao chembe za sodiamu hupitia kuingia ndani ya seli ya ubongo, na mlango huo unahitajika hasa kwenye seli zenye kazi ya kutuliza nyingine. Fikiri boda boda inayoshuka mlima, breki zimekwisha. Ndiyo hali ya ubongo huo. Sasa sikilizeni: zipo dawa za kifafa, kama karbamazepini na fenitoini, zinazofanya kazi kwa kuifunga milango ya sodiamu. Kwa wagonjwa wengi wa kifafa ni dawa nzuri, na wapo watu humu zinazowasaidia. Kwa mtoto huyu zinalegeza breki ambazo tayari zimelegea, na kifafa kinaweza kuzidi. Hapo kuijua herufi moja kunabadilisha kinachoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Nawaomba mama asiende nyumbani akamwachisha mtoto dawa kwa sababu yangu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuua. Nendeni kwa daktari mkamuulize.

Kuna jambo jingine ndani ya habari hiyo. Kifafa cha namna hii huanza katika umri ule ule wa chanjo, na chanjo inaweza kuleta joto. Kwa hiyo mzazi anaona kwa macho yake: sindano asubuhi, degedege usiku. Atakuwa na haki ya kudhani. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwachunguza wagonjwa 14 ambao ubongo wao ulisemekana kuharibiwa na chanjo. Wagonjwa 11 kati yao walikuwa na kosa kwenye SCN1A. Chanjo ilikuwa imekuta nyumba inayovuja, mvua ikanyesha siku hiyo.

Mwalimu mmoja aliniuliza asubuhi: mnajuaje kwamba herufi mliyoiona ndiyo mwizi? Swali zuri kuliko hotuba yangu. Mtu yeyote hapa ukisoma maandishi yake yote utakuta amepishana na nakala ya rejea, ile tunayolinganishia, katika sehemu milioni 4 hadi 5. Kukutwa karibu na duka lililovunjwa si kuvunja duka. Kwa hiyo tunachukua damu tatu, ya mtoto, ya mama na ya baba, na tukitafuta kosa jipya tunaondoa yote ambayo mzazi mwenye afya anayo. Yanabaki machache. Kisha tunauliza kama kuna watu wenye afya duniani walio na herufi hiyo hiyo. Wakiwa wengi, tunaiachia huru.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu, maana ghala la kumbukumbu tunalouliza limejaa watu wenye asili ya Ulaya. Herufi ambayo huenda nusu ya kijiji cha Koboko wanayo na wanalima vizuri, kwenye ghala inaonekana ngeni, na mashine inaandika: maana yake haijulikani. Mama amesubiri miezi, amepanda basi usiku kucha hadi Kampala, anapewa karatasi inayosema haijulikani. Katika utafiti ule wa Uingereza na Ayalandi, familia zenye asili ya Afrika zilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata jibu. Sisi ndio wenye tofauti nyingi kuliko wote, kwa kuwa binadamu alianzia huku, na sisi ni miongoni mwa waliosomwa kidogo sana.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Kule Kyamulibwa, upande wa Masaka, wanakijiji walikubali. Watu kama 6,400 walipimwa, na karibu 2,000 kati yao walisomwa maandishi yote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata, mradi wa H3Africa, unaochunguza jeni za Waafrika, ulisoma watu 426 kutoka makabila na lugha 50 za Afrika ukakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Watu 426 tu, jamani. Na kwa habari ya ubongo wa watoto hasa, wenzetu wa Kilifi kule Kenya na Cape Town wamekuwa wakikusanya familia katika utafiti uitwao NeuroDev. Kilifi wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, na nimejifunza kwao maneno ya kumwelezea mzazi.

Mtu wa nyuma anataka kujua kama kuna dawa. Nitakwambia ukweli: kwa wengi, hapana, bado. Kwa wachache, ipo. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norwei, aliyekataa kuambiwa aende nyumbani, alimpelekea daktari Asbjørn Følling mkojo wa watoto wake wawili kwa sababu ulikuwa na harufu ya ajabu. Daktari akatia kemikali, mkojo ukageuka kijani. Kutokana na mkojo ule ulijulikana ugonjwa wa fenilketonuria, unaoharibu akili ya mtoto, na leo mtoto akigunduliwa siku za kwanza kwa tone la damu ya kisigino akapewa chakula maalumu, akili yake inakua. Kwetu ugonjwa huo ni nadra sana, lakini njia ilifunguliwa pale. Upo pia ugonjwa wa Rett: mtoto wa kike anakua vizuri mwaka wa kwanza, kisha anapoteza maneno na mikono yake inabaki inajifikicha kama anayenawa. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa amerogwa, kwani si alikuwa mzima? Daktari Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut, na wenzake waliipata jeni yake, MECP2, mwaka 1999. Mwaka 2007 kule Edinburgh waliirudisha jeni hiyo kwa panya waliokwisha kuugua, na panya wakapata nafuu kubwa. Panya si mtoto. Lakini kabla ya siku hiyo wengi wetu tuliamini ubongo ukishakosea umekosea.

La mwisho, kwa sababu naona wingu. Damu inakwenda wapi? Nimesikia tunaiuza. Utafiti wowote lazima upitishwe na kamati ya maadili na uandikishwe kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mzazi anatia sahihi au dole gumba kwenye karatasi inayosema sampuli itatumika kwa nini na kama itavuka mpaka. Msitie dole kwenye karatasi ambayo hamjasomewa. Muulizeni msomaji mpaka achoke. Na mjue tone moja likitunzwa vizuri linaweza kufanya kazi mbili: kati ya mwaka 2014 na 2015 nchi hii ilichukua matone makavu ya damu ya watoto wachanga yaliyokwisha kupimwa VVU, ikayapima sikoseli. Watoto 97,631, bila kuchoma kisigino kingine. Ndivyo tulivyojua kwamba zaidi ya 13 katika kila 100 wana nakala moja ya sikoseli.

Leo hatuchomi mtu. Chini ya ule mwembe kuna meza mbili. Njooni na kadi ya kliniki ya mtoto, mtuambie habari za kuzaliwa kwake, na tutachora ukoo: babu na bibi wa pande zote, watoto waliofariki wakiwa wadogo, waliokuwa na degedege. Msifiche. Tarehe ya damu mtaambiwa, na siku hiyo tutahitaji watu watatu. Akina baba wengi huniambia wako safarini. Nitakuwa hapa wiki mbili, na Jumapili pia nakaa.